Bata waliookolewa: dalili unazoziona na kinachozisababisha

Bata huficha maradhi. Ni ndege anayewindwa na kila chenye meno, na anayeonekana mnyonge kundini ndiye hukamatwa kwanza. Kwa hiyo atafuatana na wenzake, atachovya mdomo kwenye chakula bila kumeza kitu, atapiga kelele kama wengine, hadi mwili ukatae kabisa. Ukimkuta amejitenga pembeni, amevimbisha manyoya na kufumba macho wakati wenzake wanagombania chakula, jua ugonjwa haukuanza leo.

Kwa bata wanaoishi kwenye makazi ya wanyama waliookolewa kuna jambo la ziada. Wengi wao ni mabaki ya ufugaji wa kibiashara: Pekin aliyezalishwa ili achinjwe akiwa na wiki sita hadi nane, Khaki Campbell ambaye ukoo wake umechaguliwa kizazi baada ya kizazi ili atage mayai yanayoweza kufika 300 kwa mwaka, au kifaranga aliyenunuliwa kuwafurahisha watoto na kutelekezwa kwenye bwawa la bustani alipoanza kuchafua nyumba. Miili hii haikukusudiwa kuzeeka, nasi tunaitaka izeeke. Ndiyo maana kabla sijafungua kabati la dawa huuliza mambo matatu: huyu ni bata wa aina gani, anakanyaga nini kutwa, na maji yake yana kina gani? Shida nyingi sana huishia kwenye majibu ya hayo.

Kwanza, yasiyo magonjwa

Walezi wapya hupiga simu nyingi kwa ajili ya mambo ya kawaida, na si kosa lao. Bata dume ana sauti ya kukwaruza, kama aliyepoteza sauti. Anayelia kwa nguvu ni jike. Bata wa aina ya Muscovy hawalii hivyo kabisa, wao huzomea kwa pumzi na kutikisa mkia, na nyama nyekundu yenye vinundu usoni mwao ndiyo sura yao. (Muscovy ni spishi nyingine, Cairina moschata, asili yake Amerika ya Kati na Kusini, karibu bata wengine wote wa kufugwa wametokana na mallard, aina ya bata wa porini.)

Angalau mara moja kwa mwaka bata hupukutisha manyoya. Yale makubwa ya mabawa hutoka karibu yote kwa pamoja, na dume mwenye kichwa cha kijani anaweza kugeuka kahawia akadhaniwa ni jike. Ataonekana hovyo kwa wiki kadhaa. Mwongezee protini, usimshikeshike mabawa kwa kuwa manyoya machanga yana damu ndani, basi.

Kulala jicho moja wazi nako ni kawaida. Utafiti juu ya mallard uliochapishwa mwaka 1999 ulionyesha kwamba wanaolala ukingoni mwa safu huacha jicho la upande wa nje likilinda huku nusu ya ubongo ikipumzika. Na jike anayeatamia hutoka kiotani mara chache, kisha huangusha kinyesi kikubwa chenye harufu ya kutisha. Hiyo si kuhara. Alikuwa amekibana tu.

Namna ya kumshika na kumkagua

Usimvute kwa mguu wala bawa. Miguu ya bata huvunjika upesi. Mpeleke taratibu pembeni, mkumbatie mabawa yakiwa yamefungwa, mweke chini ya kwapa na miguu uitegemeze kwa kiganja. Muscovy ana kucha kali, mfunge taulo.

Pitisha kidole kwenye mfupa wa kidari. Ukichoma kama ukingo wa kisu, amekonda, hata kama manyoya yanamfanya aonekane mnene. Tazama macho, matundu ya pua, ndani ya mdomo, nyayo zote mbili, na tundu la haja. Chunguza vizuri hapo nyuma: manyoya yaliyogandiwa na kinyesi huvuta nzi, na funza wakishaingia wanaweza kummaliza bata kwa siku moja au mbili. Halafu mpime uzito. Mizani ndicho kifaa ninachokiamini kuliko vyote, maana bata aliyepungua uzito wiki mbili mfululizo ni mgonjwa hata akikuangalia kwa macho makavu. Joto lake la kawaida ni kama nyuzi 41 hadi 42 za Selsiasi, kwa hiyo usishtuke ukimwona ana joto kuliko wewe.

Anachechemea, au hataki kusimama

Hili ndilo lalamiko la kila wiki mahali penye Pekin, na lina vyanzo vingi. Anza na unyayo.

Geuza mguu juu, uoshe, uuangalie kwenye mwanga. Unyayo wenye afya ni laini na una vijipele vidogo vidogo vilivyo sawasawa. Penye tatizo vijipele hivyo hutoweka kwanza: ngozi inakuwa nyororo, inang'aa, nyekundu kidogo. Baadaye unatokea uvimbe, na katikati yake gamba jeusi gumu. Hilo ni jipu la unyayo. Mara nyingi bakteria anayehusika ni Staphylococcus aureus, lakini yeye hupita tu kwenye mlango uliokwisha kufunguliwa na saruji, changarawe, matandiko yaliyolowa mkojo, na kilo zilizozidi juu ya miguu midogo.

Likiwa bado wekundu tu, hapo ndipo pa kushinda. Weka mikeka ya mpira au matandiko makavu mazito sehemu zote anazosimama muda mrefu, hasa kuzunguka chombo cha maji, ambapo hulowa kila siku. Mpe maji ya kuogelea. Bata anayeelea amepumzisha miguu. Punguza uzito polepole kwa kupunguza chakula chenye nguvu nyingi na kuongeza majani mabichi. Gamba likishatokea na mguu umevimba, mkabidhi daktari wa mifugo. Video za watu wanaolichokoa nyumbani kwa wembe zipo tele na zinanisikitisha, kwa sababu chini ya gamba hilo kuna kano na mfupa, na kilichomo ndani ni usaha mgumu unaohitaji ganzi na mkono unaojua unakokwenda. Baada ya upasuaji kazi ni yako: bendeji yenye pedi ya duara iliyotobolewa katikati ili kidonda kisiguse chini, ibadilishwe ikilowa, na bata akae pakavu. Jipu lililoachwa miezi mingi linadhuru zaidi ya mguu. Uvimbe wa muda mrefu huchangia amiloidosisi, protini inayojikusanya kwenye ini, na bata wa kufugwa wana mwelekeo mkubwa wa kuipata.

Unyayo ukiwa safi, panda juu. Kifundo chenye joto na uvimbe kinaashiria maambukizi ndani ya kiungo au jeraha. Hakuna uvimbe wala joto, lakini bata ni Pekin mzito wa miaka mitatu au minne anayekaa chini kila baada ya hatua chache? Hayo huwa ni mabaki ya kukua haraka: viungo vimechakaa kabla ya wakati. Hawi kijana tena, ila dawa ya maumivu aliyoandikiwa na daktari, ardhi laini na njia ya kuingia bwawani isiyo na mwinuko mkali humrudishia siku nzuri nyingi.

Jike anayetaga akidhoofika miguu yote miwili ghafla, fikiria yai kabla ya mguu, nitalifikia.

Kwa vifaranga, sababu ninayoishuku kabla ya zote ni niasini, yaani vitamini B3. Bata wadogo wanaihitaji zaidi kuliko vifaranga vya kuku, kiwango kinachotajwa kwa kawaida ni miligramu 55 kwa kila kilo ya chakula, na wengi huletwa kwetu wakiwa wamelelewa kwa chakula cha kuku. Miguu hupinda, vifundo hunenepa, kifaranga hutembea kwa magoti. Hamira ya lishe, ile isiyoumusha, ikinyunyizwa kwenye chakula kila siku husaidia, na aliyezidiwa apewe niasini kwa kipimo cha daktari. Wahi, kwa sababu mifupa ikishakomaa imepinda hivyo, itabaki hivyo.

Manyoya yanalowa

Mwagia matone ya maji mgongoni. Yakiviringika na kuanguka, sawa. Yakizama na kuacha doa jeusi, manyoya hayakingi tena maji, na bata huyo anaweza kupata baridi kali au hata kuzama.

Watu husema mafuta yameisha. Ni kweli nusu. Kinachozuia maji hasa ni mpangilio wa unyoya: nyuzi zake zimeshikana kwa kulabu ndogo zisizoonekana kwa macho. Mafuta ya tezi iliyo juu ya mkia huzilainisha zisikatike, na bata huyasambaza kwa mdomo wakati anajitengeneza. Kazi hiyo haianzi bila maji. Bata aliyenyimwa maji ya kuoga hupoteza kinga hiyohiyo ambayo maji yangemletea, na hapo ndipo wengi wanaotoka kwenye mabanda ya kufungiwa huwa wamefika.

Kwa hiyo usimtupe bwawani siku ya kwanza kwa furaha ya kuona ameokolewa. Inapigwa picha nzuri, lakini bata ambaye hajawahi kuogelea atalowa hadi kwenye ngozi. Mwanzishie beseni pana la maji mafupi safi, wakati wa jua, dakika chache, ukiwa karibu, kisha akaukie mahali pasipo upepo. Rudia kila siku. Manyoya yaliyoharibika sana hayatarekebika. Itabidi usubiri apukutishe na kuota mapya.

Kama bata wako wa siku nyingi ndiye ameanza kulowa, angalia maji yenyewe. Bwawa lenye utando wa kinyesi na tope hugandisha nyuzi. Mafuta ya mashine au ya kupikia ni mabaya zaidi, yaoshwe kwa sabuni ya vyombo iliyozimuliwa na kusuuzwa hadi isibaki hata chembe, kwa sababu sabuni nayo huondoa kinga. Fukua manyoya utafute chawa na utitiri. Ukikosa hayo yote, huenda bata ameacha kujitengeneza kwa sababu anaumwa mahali pengine: mdomo uliovunjika, shingo yenye maumivu, unene unaomzuia kufikia mkia.

Macho yana povu au yamegandana

Uliza kina cha maji. Bata huosha macho na pua kwa kuzamisha kichwa kizima, na chombo cha kunyweshea kuku hakimruhusu. Ndoo au karai lenye kina cha kutosha huponya macho mengi ndani ya siku chache. Yasipopona, au kukiwa na uvimbe chini ya jicho na kamasi, ni maambukizi ya sinasi, mara nyingi yenye bakteria wa aina ya mycoplasma ndani yake, na anahitaji daktari na kutengwa. Matandiko yenye harufu ya amonia huchoma macho pia. Inama hadi usawa wa kichwa cha bata, vuta pumzi. Ikikuchoma wewe, yeye anaishi humo usiku kucha.

Anakaza, mkia unapanda na kushuka

Jike anasimama wima kupita kawaida, au anakaa amechuchumaa, anakaza, hali, mkia unacheza kwa kila pumzi. Yai limekwama. Hili halingoji kesho. Mweke mahali pa joto, giza na kimya. Maji vuguvugu yanayofika tumboni humlegeza. Daktari atampa kalsiamu, kwa kuwa misuli ya njia ya mayai haikazi bila hiyo. Usiliminye tumbo wala kulivunja yai ndani. Gamba lililopasuka hukata.

Tumbo likiwa limening'inia, laini, kama mfuko wa maji, na bata anatembea miguu ikiwa mbalimbali, kuna uwezekano ute na kiini vimeangukia ndani ya tumbo na kuleta uvimbe wa maambukizi. Ini bovu na moyo dhaifu nao hujaza maji tumboni, hivyo picha ya ultrasaundi ndiyo itakayoamua.

Hapa kuna tofauti kubwa kati yetu na mfugaji. Sisi hatuhitaji mayai. Mallard wa porini hutaga takriban mayai 8 hadi 13 kwenye kiota kisha anaatamia. Bata wa mayai haachi kutaga, na kila yai ni kalsiamu na hatari mpya. Basi usimwongezee mwanga wa taa bandani, kwa sababu siku ndefu ndizo zinazowasha utagaji. Maganda ya chaza yaliyosagwa yaweke kwenye chombo cha peke yake ili anayehitaji ajichukulie, usiyachanganye kwenye chakula cha wote: kalsiamu nyingi huchosha figo za madume na majike wasiotaga. Kwa jike mwenye matatizo ya kurudiarudia, muulize daktari kuhusu kipandikizi cha deslorelini, kinachonyamazisha homoni za kutaga kwa miezi kadhaa. Kwa maoni yangu ndiyo dawa iliyobadilisha maisha ya bata wa makazi haya kuliko nyingine yoyote.

Shingo imelegea

Bata amelala kifudifudi, shingo haijiinui, macho yanafunikwa na kope ya tatu, lakini ukimgusa anajua upo. Ikiwa ni msimu wa joto na bwawa limetuama, shuku botulizimu. Sumu hutengenezwa na Clostridium botulinum, kwa bata mara nyingi aina ya C, kwenye mizoga na mimea inayooza pasipo hewa. Funza wanaokula mzoga huibeba bila kudhurika, na bata hula funza hao kwa raha zake. Ndege mmoja aliyekufa majanini anaweza kuangusha kundi zima.

Watoe wote kwenye maji sasa hivi, hata wazima. Mgonjwa mlaze kifua chini na kichwa kimeinuliwa kwa taulo lililokunjwa, asizame hata kwenye bakuli. Aliyeathirika kidogo, akipewa maji kwa mrija na mtu anayejua, anaweza kupona. Dawa ya kuzima sumu inapatikana katika baadhi ya sehemu tu. Kisha zunguka ukingo wote wa bwawa na mfuko na glavu, uokote mizoga.

Kukiwa na udhaifu unaokuja polepole, kukonda na kinyesi cha kijani kibichi, badili mawazo: sumu ya madini ya risasi au zinki. Bata huokota kila kinachong'aa, skrubu, sarafu, vipande vya waya wa mabati, timazi za ndoano. Picha ya eksirei huonyesha chuma tumboni papo hapo, na matibabu ya kuiondoa sumu kwenye damu yapo. Kila baada ya ujenzi au ukarabati wa uzio, pitisha sumaku ardhini, halafu pitia tena kwa macho, kwa kuwa risasi haishikwi na sumaku.

Anahema mdomo wazi

Mchana wa joto, mabawa yameachana na mwili, wote wanahema: ni joto. Kivuli na maji. Akihema peke yake, asubuhi yenye ubaridi, mkia ukipigapiga kwa kila pumzi na sauti imebadilika, fikiria aspergilosisi, ukungu ulioingia kwenye mapafu na vifuko vya hewa. Unatoka kwenye majani makavu yaliyolowa na chakula kilichovunda. Matibabu ni marefu na mengi hushindwa, kwa hiyo tandiko lenye harufu ya ukungu litupwe hata kama limenunuliwa jana.

Bawa limegeukia nje

Ncha ya bawa imejikunja kwenda nje kwa bata anayekua: inahusishwa na chakula chenye nguvu nyingi kupita kiasi, mkate ukiwamo. Kifaranga akiwahiwa, bawa hufungwa kwa bendeji katika mkao wake kwa siku chache na hurudi. Bata aliyekwisha kukomaa hana maumivu. Mwache.

Kipara kisogoni, ngozi ina michubuko

Madume ni wengi mno. Dume hushika kisogo cha jike kwa mdomo anapompanda, na jike mmoja mwenye madume watatu anaweza kujeruhiwa vibaya au kuzamishwa. Angalau majike watatu hadi watano kwa dume mmoja, na waliobaki waundiwe kundi la madume tupu. Bila jike machoni huwa wanaishi kwa amani. Hapohapo huibuka shida ya dume ambaye uume wake umetoka na haurudi. Uloweshwe usikauke, atengwe na majike, aonwe na daktari siku hiyohiyo. Ukifa hukatwa, na anaendelea kuishi vizuri, kwa sababu bata hakojolei hapo.

Wawili wamekufa bila dalili

Usitafute sababu mwenyewe. Vifo vya ghafla, kuzungukazunguka, shingo kupinda, kutokwa damu: mafua makali ya ndege na tauni ya bata zote zinaweza kuanza hivyo, na bata wengine hubeba virusi vya mafua huku wakionekana wazima. Funga milango, hakuna bata anayeingia wala kutoka, wageni wasubiri. Ita mamlaka ya mifugo, kwa sababu mahali pengi sheria inakutaka utoe taarifa. Usipasue mzoga. Ushike kwa glavu na barakoa, uweke kwenye mifuko miwili, uhifadhi kwenye ubaridi bila kuugandisha ili vipimo vifanyike, na viatu ulivyovaa bandani vibaki mlangoni mwa banda. Bata mpya atakayeletwa baada ya hapo, na yeyote atakayeletwa siku nyingine yoyote, akae peke yake siku 30, na mlezi wake amhudumie mwisho, baada ya kumaliza wengine wote.